Juma wa Nani?

Jina langu la mwisho ni jina la siku. Juma ni Ijumaa iliyoangusha silabi yake ya kwanza njiani, na Ijumaa nayo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukusanyika. Mtoto wa kiume aliyezaliwa siku hiyo aliitwa Juma, kama yule wa siku iliyotangulia alivyoitwa Khamis. Akiwa wa kike aliitwa Mwanajuma, jina ambalo huko kwetu bara limefupishwa likawa Mwajuma. Lakini Kiswahili hakikuridhika kuliacha neno hili katika siku yake moja. Kimelifanya kuwa jina la siku zote saba kwa pamoja, kisha kikaanza kuhesabu: Jumamosi, Jumapili, hadi Jumatano. Hapo kikachoka, kikakirudishia Kiarabu zamu yake kwa Alhamisi, ambayo nayo maana yake ni ya tano. Ndiyo sababu wiki yetu ina siku mbili za tano na haina ya sita.

Tuitwao kwa jina hili ni wengi, toka Pemba hadi Bukavu, toka Busia hadi Mtwara. Mwalimu wa sarufi akitaka mtu wa kumlimisha, kumpikisha au kumpigisha mpira katika sentensi ya mfano, aghalabu humwita Juma, kwa kuwa hajulikani ni nani na kila mtu anamjua. Hapa Unguja, nilikohamia kwa kazi ya ualimu, sijapata kulitaja jina langu bila kufuatiwa na swali, "Juma wa wapi?" Mwulizaji hutaraji nitamjibu Makunduchi au Wete. Nikisema Misigiri, mazungumzo hukatika, nami hulazimika kuanza upya: Singida, njia ya kwenda Nzega, pale barabara ya Kiomboi inapochepuka.

Mtu mwenye jina la wengi hujikuta akiwaangalia wakubwa waliolibeba, kama maskini aangaliavyo nyumba ya jirani tajiri. Nami nimewaangalia. Yupo Omar Ali Juma wa Chake Chake, daktari wa mifugo aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar toka 1988 hadi 1995, kisha Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano hadi alipofariki tarehe 4 Julai 2001. Yupo Ibrahim Hamis Juma, mzaliwa wa Musoma, profesa wa sheria aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania toka 2017 hadi 2025. Na ng'ambo ya mpaka yupo Calestous Juma, aliyezaliwa mwaka 1953 Port Victoria, ufukweni mwa Ziwa Victoria katika Busia ya Kenya, akafika kuwa profesa wa Harvard, mtetezi asiyechoka wa sayansi na ubunifu kwa wakulima wa Afrika. Alifariki Desemba 2017. Huyu wa mwisho hunifurahisha zaidi, kwa kuwa jina lake la mbele na la nyuma hayakupata kusali pamoja. Jina lilipofika Busia lilikwisha kulivua vazi lake la dini, likawa la yeyote.

Watatu hao hawakuzaliwa na babu mmoja. Kinachowaunganisha ni Ijumaa tatu tofauti, kama ni kweli hizo babu zao walizaliwa Ijumaa. Mzungu aitwaye Smith au Schmidt anaweza walau kukisia kwamba zamani katika nyumba yao palikuwa na mhunzi. Jina letu la tatu halidai kiasi hicho. Ni jina la babu, basi, na kwa utaratibu wa asili lilikuwa likisogea: la mtoto huja mbele, la baba hukaa katikati, la babu huwa la mwisho, na la baba wa babu hudondoka. Mjukuu wa Juma huitwa Juma; kitukuu hakupaswa kuitwa. Mlolongo ulikuwa ukitembea kama kivuli, hata zilipokuja fomu zenye visanduku vitatu, na chini ya kisanduku cha tatu pakaandikwa "jina la ukoo". Hapo kivuli kikapigwa msumari. (Nasema haya bila kusahau kichekesho kimoja: mtu aitwaye Hamis Juma ni Alhamisi iliyozaliwa na Ijumaa, yaani wiki inayorudi nyuma.)

Kwa hakika iko nyumba moja ya Juma ambayo wasomaji wa kurasa za mashairi hawana haja ya kutambulishwa. Ni ya Mombasa. Ahmad Nassir Juma Bhalo ndiye mwenye *Malenga wa Mvita*, diwani iliyotoka mwaka 1971, na *Utenzi wa Mtu ni Utu*. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ndiye mwimbaji ambaye sauti yake ilijaza harusi za pwani kwa miongo mingi, na umma ukaliacha jina lake mwenyewe na la baba yake, ukamwita kwa la babu peke yake: Juma Bhalo. Mshairi na mwimbaji walikuwa binamu, na mashairi ya mmoja yaliimbwa na mwingine. Kwa hao jina limefanya kazi ambayo watu hudhani majina hufanya: ukiliona mara mbili, umeona damu moja.

Lakini toa tena vitabu rafuni. Kando ya *Malenga wa Mvita* weka *Sauti ya Dhiki* ya mwaka 1973, mashairi ambayo Abdilatif Abdalla aliyatunga akiwa mfungwa wa kisiasa nchini Kenya kati ya 1969 na 1972. Majina mawili ya majalada hayo hayana hata herufi za kushikana mikono. Ilhali waliovitunga ni ndugu wa tumbo moja, mama mmoja na baba mbalimbali. Jina lililokuwa hodari wa kumtambulisha binamu halikuweza kumtambulisha ndugu. Nililijua jambo hili nikiwa mwanafunzi, nikalihifadhi pamoja na mambo mengine ya mitihani. Sikudhani lingenihusu.

Babu yangu Juma hakuwa mtu wa pwani wala hakuzaliwa na jina hilo. Alikuwa Mnyiramba, na jinsi alivyolipata, nyumba yetu ina riwaya mbili. Ya kwanza yasema alilipata Sekenke, chini ya mteremko, safari fupi tu kutoka Misigiri, kwenye mgodi ambao Wajerumani walianza kuuchimba mwaka 1909. Dhahabu ya mgodi huo ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, zile zenye picha ya tembo, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa vitani na wamepungukiwa na fedha. Babu alifanya kazi hapo zama za Waingereza, na msimamizi aliyeshindwa kulitamka jina lake la Kinyiramba akamwandika kwa siku aliyofika. Riwaya ya pili yasema alikwenda Tanga kukata mkonge, akawa manamba kama walivyokuwa vijana wengi wa Singida, akaitwa kwa namba muda wote wa mkataba, na alipomaliza akarudi na kofia, na jina, na dini. Mimi huielekea hii ya pili. Mtu aliyekwisha kuitwa kwa namba nadhani hulipokea jina lolote kwa mikono miwili.

Iramba aliyoirejea ilikuwa tayari na kengele. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walifika miaka ya 1920, na nusu ya wanawe wakabatizwa shuleni. Ndivyo nilivyokulia katika ukoo wenye akina Juma wa Iddi na akina Juma wa Krismasi, na hakuna aliyeona ajabu. Jina lake la kwanza lilibaki kwa wazee waliokuwa wakilitumia walipomtania. Silitaji hapa, mmoja wa ndugu zangu ndiye analitumia sasa, na jina moja kwa makala moja linatosha.

Baba alipofariki aliacha nyumba, ng'ombe wachache, na shamba la alizeti lililokuwa mbali na barabara hadi lami na maduka ya njia panda vilipolisogelea, likawa karibu. Tukawasilisha karatasi zetu kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa Juma, kwa kuwa ndivyo mwalimu wa darasa la kwanza alivyoandika. Mdogo wangu alikuwa ameliandika lile jina la Kinyiramba, kwa fahari, alipojiandikisha chuoni. Dada yetu, ambaye alisajiliwa akiwa na majina mawili tu, alilichukua la baba kuwa la mwisho. Watoto watatu, majina ya mwisho matatu, na marehemu aliyekuwa na la nne katika kadi yake, maana yeye alikuwa ameandika la baba wa babu. Karani alizipanga karatasi mezani kama mtu anayetafuta karata iliyokosekana. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, ni nini kinachothibitisha kwamba sisi ni ndugu.

Ikabidi aitwe shangazi. Ndiye aliyebaki katika watoto wa babu, na mama yao, bibi yetu, alikuwa Mnisanzu wa upande wa Kirumi, walikokaa watemi wa Kinisanzu, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Mkalama. Hilo ni la kukumbuka. Wanisanzu huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake na wa mjomba wake. Baba humlea, humpenda, humwachia mengi, lakini ukoo hampi, kwa kuwa hana wa kumpa. Shangazi alilelewa na bibi katika hesabu hiyo.

"Mama," karani akamwuliza, "hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu. Watoto wa kaka yangu."

"Ni wa ukoo wenu?"

"Hapana," akasema shangazi. "Hawa si wa ukoo wetu."

Nilimtazama. Alikuwa amekaa wima, kanga yake imefungwa vizuri, mtu aliyeulizwa swali jepesi na kulijibu kwa ukweli. Mdogo wangu alianza kucheka, kisha akaacha. Karani aliandika jibu. Tulichukua sehemu kubwa ya asubuhi kujaribu kulifuta, na shangazi hakutusaidia, kwa maana kila alipoulizwa upya alijibu vilevile, akiongeza subira kidogo kama mtu anayemfundisha mtoto. Kaka yake alikuwa wa ukoo wa mama yao. Sisi ni wa ukoo wa mama yetu. Dada yetu, akizaa, atauendeleza. Sisi wawili wa kiume hatutauendeleza. Majina? Majina ni ya kuitwa. Nani amesema ukoo ni jina?

Shauri lilichukua miezi minne na viapo vitano. Shamba halikupotea, ila katika muda huo jirani alisogeza mpaka wake hatua kadhaa kuelekea barabarani, na hizo hazijarudi. Katika hati ya mwisho kila mmoja wetu ameandikwa kwa majina yake yote, tukiunganishwa kwa maneno "ajulikanaye pia kama", hata ukurasa mzima unaonekana kama mkutano wa hadhara.

Siku moja baada ya hayo nilimsomea shangazi orodha ya wakubwa waitwao Juma. Nilitaka kumfurahisha, au pengine nilitaka kujitetea. Tulikuwa nyuma ya nyumba, upepo wa Singida ukipeperusha makapi ya alizeti. Nikamtajia Makamu wa Rais. Akauliza, "Mama yake nani?" Nikasema sijui. Nikamtajia Jaji Mkuu. "Mama yake nani?" Nikamtajia profesa wa Marekani, naye akaniuliza lilelile, akipepeta. Nilipofika Mombasa nikamwambia ya mshairi Juma Bhalo, na kwamba mama aliyemzaa ndiye aliyemzaa mshairi mwingine, aliyefungwa gerezani, mwenye jina jingine kabisa.

Aliuweka ungo chini.

"Basi hao ndio ukoo," akasema. "Hao wengine hujaniambia kitu." Akaniuliza kama yule wa gerezani alitoka salama, nikamjibu kwamba alitoka mwaka 1972, akashukuru, akaendelea kupepeta.