Kalamu Nyekundu na Sentensi Sahihi

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, msichana mmoja wa Darasa la Sita aliandika katika daftari lake: "The police have come." Nililikata neno "have" kwa kalamu nyekundu, nikaandika "has". Kesho yake niliiandika sentensi hiyo ubaoni, na darasa zima likainakili. Yule msichana akanyosha mkono: "Samahani mwalimu, katika kitabu cha hadithi nimeona 'have'." Nilimwambia aketi.

Jioni, moyo haukutulia. Nikaifungua kamusi ya wanafunzi iliyoasisiwa na A. S. Hornby, ambayo Oxford imekuwa ikiichapisha tangu mwaka 1948. Humo nikakuta kwamba "police" huchukua kitenzi cha wingi. Aliyekosa alikuwa mwalimu.

Chanzo cha kosa langu kilikuwa mazoea ya Kiswahili. Sisi husema "polisi amekuja" au "polisi wamekuja". Jina halibadiliki, na idadi huonyeshwa na kiambishi cha kitenzi. Katika Kiingereza, "police" ni kundi; mmoja wao huitwa "a police officer".

Tangu siku hiyo siipimi sentensi kwa sikio peke yake, bali kwa maswali matatu.

Kwanza, kiima ni kipi? Tazama sentensi hii: "The basket of oranges have fallen." Ondoa maneno "of oranges", na kosa litaonekana mara moja: kikapu ni kimoja, hivyo yapasa kuwa "has fallen". Hapa Kiswahili chatusaidia, kwani hakuna mtoto asemaye "Kikapu cha machungwa yameanguka".

Pili, ni wakati gani? "I am living here since 1980" ni tafsiri ya "Ninaishi hapa tangu mwaka 1980". Kiingereza chadai "I have lived here since 1980", kwa kuwa jambo lilianza zamani na lingali likiendelea.

Tatu, anatajwa nani? Kiambishi chetu "a-" hakibagui mume na mke, ndiyo maana mtoto huandika "My mother is sick, he is at home", badala ya "she". Mtoto huyo si mzembe. Amefuata kanuni ya lugha yake.

Ikiwa maswali hayo hayakutoa jibu, hapana budi kamusi itangulie na kalamu nyekundu ifuate.

Asubuhi iliyofuata nililifuta neno "has" ubaoni mbele ya wote, nikamwomba radhi yule msichana. Madaftari arobaini yalisahihishwa upya. Kwa siku kadhaa hakunyosha mkono tena, nami nilihofu kwamba nimemnyamazisha kabisa. Siku aliponyosha, nilisikiliza mpaka mwisho.

Ndugu mwanachuo, kosa la mwanafunzi hubaki katika daftari moja. Kosa la mwalimu hunakiliwa na darasa zima.