Rekodi Mbili za Mpigaji Mmoja

Kwa muda mrefu niliamini kwamba rekodi bora ya muziki ni ile inayomaliza ubishi. Imani hiyo ilitokana na santuri ya Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, ya utunzi wa Bach uliochapishwa mwaka 1741 na unaojulikana kwa jina la Goldberg. Utunzi huo una wimbo wa ufunguzi, vibadala 30, na hatimaye wimbo ule ule hurejea. Gould aliurekodi New York mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 22. Vidole vyake vinakwenda kasi, kila noti inasikika peke yake, na kazi nzima inakwisha kwa dakika 38 hivi. Nilipoisikia nikiwa mwanafunzi, nilikata shauri kwamba Bach hapigwi vinginevyo.

Gould aliacha kupiga mbele ya hadhira mwaka 1964. Mwaka 1981 alirejea katika studio ile ile na kuurekodi utunzi huo upya, mara hii kwa dakika 51 hivi. Ni kweli kwamba sehemu ya nyongeza hiyo ni marudio ya vipande ambavyo awali hakuvirudia. Hata hivyo, wimbo wa ufunguzi, usio na marudio katika rekodi zote mbili, uliongezeka kutoka dakika zisizotimia 2 hadi dakika 3 hivi. Alifariki Oktoba 1982.

Rekodi hiyo ya pili ilinikera mwanzoni; niliiona kuwa kazi ya mtu aliyechoka. Baada ya miaka, sikio lilipopata subira, nilitambua jinsi kila kibadala kinavyopokea mwendo wake kutoka kwa kilichotangulia. Leo nikitakiwa kuchagua, nitachagua hii ya 1981. Lakini sidai tena kwamba mojawapo ni kosa la nyingine.

Sina budi kukiri kwa nini jambo hili linanigusa nikiwa mhakiki. Katika utafiti wangu wa kwanza nilirekodi ngano kutoka kwa fanani mmoja mzee. Aliposimulia mara ya pili, kwa utulivu zaidi na kwa mwisho uliobadilika, niliandika daftarini kwamba amesahau. Uchambuzi wangu wote niliujenga juu ya usimulizi wa kwanza. Ule wa pili niliufuta ili kanda itumike tena, kwani kanda zilikuwa ghali.

Fanani huyo hayupo tena. Gould alibadili nia, na sisi tunazo nia zake zote mbili. Fanani wangu naye alibadili nia, nami nikaiita hiyo udhaifu wa kumbukumbu. Mwanafunzi anaponiletea leo masimulizi mawili ya ngano moja na kuniuliza lipi ni sahihi, namwomba kwanza aniambie ameyahifadhi wapi yote mawili.