Mtoto wa Katekista na Udi wa Bibi

Kusindikiza wanafunzi nje ya nchi ni kazi ya kubeba vitu vya watu: pasipoti, dawa, namba za simu za wazazi, na wasiwasi wa wazazi wenyewe. Tulipokabidhiwa wanafunzi wanane wa kidato cha tano kwenda Nagasaki, Japani, katika ziara ya kubadilishana wanafunzi, sisi walezi wawili, padre na sista, tulijipanga kwa hayo yote. Tulijua nani ana pumu na nani hali samaki. Lakini swali lililotupa kazi kuliko mengine yote halikuwamo katika orodha yetu.

Utaratibu wa ziara ulikuwa kila mwanafunzi akae na familia moja kwa siku kumi. Sisi tulipewa vyumba katika nyumba ya parokia. Mchana tulikutana na vijana wote, jioni kila mmoja alirudi kwa wenyeji wake, na saa tatu usiku walitupigia simu kwa zamu kutuambia kama wako salama. Wakatoliki wa Japani hawafiki hata asilimia moja ya watu wote. Nagasaki uwiano wao katika idadi ya watu ni mkubwa kuliko sehemu nyingine za nchi hiyo, lakini hata huko jirani yako kwa kawaida si Mkristo. Kati ya familia nane zilizotupokea, tatu tu zilikuwa za Kikatoliki.

Siku za mwanzo simu zilikuwa za kuchekesha. Viatu huachwa mlangoni, ndani huvaliwa slipa, na chooni kuna slipa nyingine za huko tu. Kuoga kuna taratibu zake: unajisugua na kujisuuza kwanza, ndipo unaingia katika beseni kubwa la maji ya moto, maji hayo hayo yatakayotumiwa na nyumba nzima. Mgeni hupewa heshima ya kuingia wa kwanza, na binti mmoja alituambia kwamba siku hiyo alioga kwa hofu ya kuwachafulia watu maji. Mezani wenyeji hukutanisha viganja na kusema "itadakimasu", yaani napokea kwa unyenyekevu. Vijana wetu waliona ni kama sala ya chakula, wakaongeza ishara ya msalaba, na hakuna aliyewakataza.

Usiku wa tatu kijana mmoja, mtoto wa katekista, alipiga simu akinong'ona.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Sista yupo karibu?"

"Milele amina. Tupo wote. Kuna nini, mwanangu?"

Akaeleza. Sebuleni mwa wenyeji wake kulikuwa na kabati dogo la mbao lenye milango miwili, ambalo Wajapani huliita butsudan. Ndani yake mlikuwa na sanamu ndogo ya Buddha, na mbele yake picha ya mume wa bibi wa nyumba ile, aliyekwisha kufariki. Kila asubuhi bibi aliweka pale kibakuli cha wali na kikombe cha chai, akawasha kijiti cha udi, akagonga kengele ndogo, akainama. Asubuhi ile alikuwa amemwita kijana wetu kwa mkono na kumwonyesha mahali pa kupiga magoti pembeni yake, amsalimie babu.

"Nilisema tumbo linauma, nikaenda chooni," akasema kijana. "Kesho sina cha kusema. Nikikaa pale si naabudu sanamu? Na nisipokaa, bibi ataona namdharau mume wake. Baba angekuwa hapa angesemaje?"

Tulimwambia asubuhi ifuatayo akae nyuma kidogo ya bibi kwa adabu, asifanye zaidi ya hapo, na mchana tutazungumza. Halafu simu ilipokatika tukabaki tunatazamana, maana hatukuwa na jibu moja. Mmoja wetu amelelewa katika ukoo ambao kizazi cha babu kilipobatizwa kiliachana na matambiko kwa gharama kubwa, ndugu wakatengana. Yeye aliona kwamba tukimruhusu mtoto apige magoti mbele ya kabati la Kibuddha, hatutakuwa na neno la kumwambia akirudi nyumbani akaitwa kwenye tambiko. Mwingine aliona kwamba bibi hakumwalika mtoto kwenye dini, alimwalika kwenye msiba wake. Tulizungumza hadi usiku mwingi bila kupatana.

Kesho yake ratiba yetu ilikuwa kutembelea mahali pa historia ya Kanisa, na swali la kijana tulikwenda nalo. Tulianzia Nishizaka, kilima kilicho karibu na stesheni ya treni, ambapo tarehe 5 Februari 1597 Mtakatifu Paulo Miki na wenzake 25 walisulubiwa. Miongoni mwao alikuwamo Ludoviko Ibaraki, mtoto wa miaka 12. Vijana wetu walinyamaza waliposikia umri huo.

Kisha tulisoma habari za fumi-e. Baada ya Ukristo kupigwa marufuku nchi nzima mwaka 1614, watawala walitengeneza sanamu za Yesu na za Mama Maria, na watu wakalazimishwa kuzikanyaga kwa miguu ili kuthibitisha kwamba si Wakristo. Katika Nagasaki jambo hilo likawa la kila mwaka, likaendelea hadi miaka ya 1850. Wengi walikataa wakauawa. Wengine walikanyaga, wakarudi nyumbani wakasali sala ya majuto, wakaendelea kubatiza watoto wao kwa siri. Kwa zaidi ya miaka 200 hawakuwa na padre. Kila kijiji kilikuwa na mlei wa kutunza kalenda ya sikukuu na mlei wa kubatiza. Mama Maria walimheshimu kupitia sanamu zenye sura ya Kannon wa Wabuddha, ili askari wakiingia wasitambue.

Mwisho tulifika kanisa la Oura. Hapo, tarehe 17 Machi 1865, kundi dogo la watu kutoka Urakami lilimwendea Padre Petitjean, Mmisionari Mfaransa, wakamwambia kwa sauti ya chini kwamba wao ni wa imani yake, wakauliza sanamu ya Maria iko wapi. Imani ilikuwa imetunzwa ndani ya nyumba, na walei wanaofanana sana na baba yake kijana wetu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeliona jambo. Tulipoketi kupumzika akasema, "Kumbe wale waliweka sanamu ya Kibuddha na moyoni walikuwa na Maria. Na waliokataa kukanyaga, walikataa kwa sababu kukanyaga kulikuwa na maana moja tu, kumkana Yesu. Basi lazima nijue bibi anaposema nikae pale anamaanisha nini."

Jioni tulimwendea paroko aliyetupokea. Akatuambia kwamba swali hilo ni la kila siku kwa waumini wake, maana wengi ni Wakatoliki peke yao katika familia zao, na maaskofu wa Japani wamewaandikia mwongozo juu ya kuwakumbuka marehemu. Akatukumbusha pia kwamba tangu mwaka 1936 Idara ya Uenezaji wa Imani huko Roma iliwaruhusu Wakatoliki wa Japani kushiriki desturi za mazishi na za heshima ambazo katika jamii zimekuwa alama za adabu na upendo, si za ibada. Kisha akaongeza jambo lililotusaidia zaidi: "Muulizeni bibi. Ninyi mmeniuliza mimi tu."

Tukamwomba mkwe wa bibi atutafsirie. Kijana akaeleza kwa heshima kwamba yeye ni Mkristo, haabudu Buddha, lakini angependa kumwombea babu kwa Mungu wake, kwa sala ya kwao. Je, ingekuwa ni kukosa adabu? Bibi alisikiliza, akacheka kidogo, akasema babu alipenda sana wageni na hakujali wanaongea lugha gani. Tangu siku hiyo kijana alikaa pembeni yake kila asubuhi. Hakuwasha udi, na hakuombwa kuuwasha. Aliinamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba, akasali kwa Kiswahili sala ya kuwaombea marehemu. Bibi alisubiri amalize ndipo agonge kengele.

Sisi wawili hatujamaliza kujadiliana. Yule aliyehofia matambiko bado anasema, na kwa haki, kwamba huku kwetu kuna mambo yanayofanywa mbele ya mizimu ambayo si adabu tu: kuna kuomba kinga, kuna kuogopa, kuna kununua bahati. Hayo hayaruhusiwi kwa sababu tu mengine yanaruhusiwa Nagasaki. Lakini sote tunakubaliana kwamba swali la mtoto yule lilikuwa sahihi: hii inamaanisha nini kwa wanaoifanya, na mimi nitamaanisha nini nikiifanya?

Wapendwa mafrateri, mtatumwa kwenye parokia ambako mtaingia nyumba za watu wakati wa kifo, na mtakuta kibuyu kona moja na rozari kona nyingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unatufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, na hapo hapo linabaki na wajibu wa kumtangaza Kristo. Kulisema darasani ni rahisi. Mbele ya mjane anayemwekea mumewe wali kila asubuhi, mtahitaji kukaa chini na kuuliza kwanza, kisha kusema waziwazi ninyi ni nani.

Tulipowarudisha watoto, katekista alikuja uwanja wa ndege kumpokea mwanawe. Kijana alimweleza yote pale pale, kabla hata mizigo haijatoka. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jina la marehemu, akaliandika katika daftari lake la nia za Misa.