Mikono Minne

Mdogo wangu alizaliwa na mikono isiyo na nguvu. Kila tunachokifanya sisi kwa mikono, yeye alijifunza kukifanya kwa miguu: kushika kalamu, kufunua kurasa za daftari, kula wali kwa kijiko, na baadaye kuandika ujumbe kwenye simu. Alipoanza darasa la kwanza, watoto wenzake walimpa jina. Nyani. Mimi nilikuwa darasa la tano. Siku moja walimwita hivyo mbele ya rafiki zangu, nami nikacheka pamoja nao.

Mwaka huu, nikisomea shahada ya uzamili katika zoolojia, nilikutana na neno la kale: Kwadrumana. Ni Kilatini, maana yake "wenye mikono minne". Mtaalamu wa Kijerumani Johann Friedrich Blumenbach alilitumia katika karne ya 18 kuwakusanya kima, nyani na sokwe katika oda moja. Binadamu akapewa oda yake peke yake, Bimana, mwenye mikono miwili. Linnaeus, mwaka 1758, alikuwa ametuweka pamoja nao kwenye Primati. Sasa ukajengwa ukuta, na tofali lake lilikuwa mkono.

Nilifunga kitabu. Mdogo wangu wangemweka upande gani?

Mwaka 1863 Thomas Henry Huxley aliubomoa ukuta ule. Hakuridhika kutazama kiungo kinafanya kazi gani. Alitazama mifupa na misuli iliyomo ndani. Mguu wa nyuma wa gorila, alionyesha, umepangwa kama mguu wetu, si kama mkono. Kidole gumba chake kinashika, lakini ni mguu. Akakumbusha kwamba hata watu hushika kwa vidole vya miguu: waendesha mashua wa China huvuta makasia, mafundi wa Bengal hufuma nguo. Kushika hakugeuzi mguu kuwa mkono, wala hakumtoi mtu kwenye utu wake. Baadaye wanazoolojia waliliacha neno lile na kurudi kwenye Primati.

Mwezi uliopita nilikwenda msitu wa Jozani, Unguja, kuwatazama kima punju. Wao ni wa jamii ya mbega, ambao jina lao la kisayansi, Colobus, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa, kwa sababu kidole gumba cha mkono wao ni kibutu tu. Aliyewapa jina aliona kilichopungua. Mimi niliwaona wakiruka kutoka mti hadi mti, watoto wakiwa wamewang'ang'ania tumboni.

Jioni nilimpigia mdogo wangu nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe dada," akasema, "siku ile ulicheka kwa nini?"

Miaka yote nilidhani hakunisikia. Nilitaka kusema nilikuwa mtoto. Nikamwambia ukweli: niliogopa kwamba nisipocheka, watanicheka na mimi. Kisha nikamwomba radhi, miaka kumi na sita baadaye.

Alinyamaza kidogo. Nilisikia feni ya chumbani kwake ikizunguka.

"Haya," akasema. "Nitumie hicho kitabu cha Huxley. Nataka kuwasoma hao mafundi wa Bengal."