Jibu lililonifikia baada ya mwaka

Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, mimi nilikuwa Lubumbashi nikijiandaa kwa mitihani. Mama yangu, muuza sambaza, alikuwa Goma, mtaa wa Majengo. Simu yake haikupita. Kwenye Twitter nikaona picha ya anga jekundu juu ya mji wetu, na chini yake majibu mengi. Nami nikaandika: « Mama yangu iko Majengo, simu haipite, mwenye anamuona aniambie. » Nikaendelea kusoma hadi betri ikaisha, na usiku ule hatukuwa na umeme. Mama alinipigia Jumatatu, kwa simu ya kuazima, akiwa Gisenyi ng'ambo ya mpaka.

Mwaka uliofuata nilipaswa kuchagua mada ya memwari. Nilichagua namna Wakongomani wanavyochanganya Kiswahili na Kifaransa wanapojibizana, na matini yangu yangekuwa majibu ya usiku ule. Nilianza kuyanakili kwa mkono. Kila nilipofungua ukurasa, mpangilio ulikuwa umebadilika: mengine yamefichwa, mengine yamejirudia. Baada ya siku tatu nilikuwa na majibu sitini nisiyojua nani alimjibu nani.

Asistenti wetu, aliyekuwa akiandaa udaktari, alinihurumia. Mwaka 2021 Twitter ilikuwa imewafungulia watafiti kumbukumbu yake yote bila malipo, naye alikuwa amekubaliwa. Mtumiaji wa kawaida wa mlango ule aliweza kutafuta ya siku saba zilizopita tu. Alitumia twarc, programu ya bure iliyotunzwa na mradi wa Documenting the Now, uliozaliwa Marekani baada ya mauaji ya Ferguson ya 2014. Haina picha wala vitufe. Unaandika amri, unasubiri.

Alinieleza kwa maneno rahisi. Kila ujumbe una namba yake. Jibu hubeba namba mbili zaidi: ya ujumbe linaoujibu, na ya ujumbe wa kwanza ulioanzisha mazungumzo yote. Ukiipa programu namba ya ujumbe wa kwanza, inaomba kila kilichobeba namba hiyo. Kisha kwa namba ile nyingine unaweza kuujenga upya mti, tawi kwa tawi. Matawi mengine yalining'inia hewani: jibu lipo, lakini ujumbe uliojibiwa umefutwa na mwenyewe.

Niliposoma faili, kwanza nilicheka. Majibu kadhaa ya Kiswahili chetu yalikuwa na alama ya Kiindonesia. Nikakumbuka kwamba mwaka 2018 wasemaji wa Kiswahili walishalalamika juu ya kosa hilohilo. Kisha, katika tawi ambalo sikulifikia usiku ule, chini ya ujumbe wa mtu mwingine kabisa, nikakuta: « Mama ya sambaza wa Majengo iko na siye huku Gisenyi, mwenye anajua mutoto wake amuambie. »

Liliandikwa saa nne na dakika kumi usiku. Nililia mbele ya asistenti. Siku mbili nilikaa bila kulala, na jibu langu lilikuwa pale, matawi mawili kutoka swali langu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kunitia aibu. Katika jedwali langu ujumbe ule ulikuwa namba 418, na kando ya neno « siye » nilikuwa nimeandika kwa haraka: kosa, sahihi ni « sisi ». Mtu alikuwa amekimbia volkano, akamkumbuka mtoto wa jirani asiyemjua, nami nikamtia alama nyekundu.

Nilimwandikia, nikamshukuru, nikaomba ruhusa ya kutumia maneno yake. Alijibu: « Tumia tu, mutoto ya mama, lakini jina yangu utoe. » Nilipomweleza lile kosa akaongeza: « Ile hapana kosa. Ni vile tunasemaka. » Nikafuta safu nzima ya « makosa », nikaipa jina jipya: « matumizi ya Goma ». Msimamizi wangu aliuliza sababu. Nilimwonyesha ujumbe ule, naye akaniachia.

Waliokuwa wamefuta majibu yao kabla hatujaomba sikuwatafuta. Aliyefuta ameshasema neno lake. Wengine niliowanukuu niliwaomba mmoja mmoja. Wasiojibu nikawaacha nje.

Mwaka 2023 mlango ule wa bure kwa watafiti ulifungwa. Mwanafunzi anayetaka leo kurudia kazi yangu hataweza kwa njia ileile. Faili limebaki kwenye flashi yangu, na sheria za Twitter ziliruhusu kugawa namba za ujumbe, si maandishi yenyewe kwa wingi. Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, ukikusanya maneno ya watu, andika mapema umeyapataje na lini. Na kabla ya kuandika « kosa », muulize aliyesema.

Mama nilimsomea namba 418 kwa simu. Alisema tu: « Huyo kijana, tulikula naye muhogo usiku ule. »