Tarime Mbali, Wifi

Leo hatuna pishi wala mshono. Tuna safari, na ndani yake aibu kidogo.

Wifi yetu ni Mkurya wa Tarime. Kaka yetu amemuoa mwaka wa 11 huu, na miaka yote hiyo sisi mawifi watatu hatukuwahi kukanyaga kwao. Akitaja nyumbani tulimjibu, "Tarime mbali, wifi." Mwaka jana alifiwa na baba. Alikwenda na mumewe tu, sisi tukatoa pole kwa simu.

Lakini Muscat tumekwenda harusini, tena mara mbili. Kutoka Unguja ni karibu kilomita 3,900, zaidi ya saa tano angani. Hatukusema mbali. Tulishona nguo.

Hadi Tarime, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 800.

Mwaka huu mama yake alipoanza kuumwa, tukaona haya, tukafunga mizigo. Kwa anayetaka kujua njia: boti hadi Dar ni kama saa mbili. Tukalala huko. Asubuhi ndege hadi Mwanza, saa moja na nusu. Kisha gari: Magu, Lamadi, Bunda, Daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, halafu mnapanda hadi Tarime. Sisi tulitumia saa tano, pamoja na kusimama Bunda kusali. Msafiri ana ruhusa, kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri tulizipunguza na kuzikusanya. Jua linazama tuko kwa mama. Chukueni sweta, kule juu jioni kuna baridi.

Nyumba ile si ya Waislamu. Lakini tulikuta kuku wamefungwa uani, wazima, na jirani Mwislamu ameitwa aje kuwachinja, ili tule bila wasiwasi. Mama ndiye aliyeagiza, naye yuko kitandani. Sisi wazima hatukumfikiria hivyo hata siku moja.

Akatushika mikono mmoja mmoja, akauliza tumetoka kwetu lini. Tukamwambia jana mchana.

"Kumbe jana tu," akasema. "Mimi nilidhani mwanangu kaolewa ng'ambo."

Wifi yetu akainuka, akaenda jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Siku ya tatu tukaenda Mugumu, wilaya ya Serengeti, kwa dada yake mkubwa. Tulipita njia ya Nyamongo, tukauvuka Mto Mara mara ya pili. Dada hakutuficha. Alicheka, akasema, "Watalii wanapanda ndege ndogo huko kwenu asubuhi, siku hiyo hiyo wako Seronera, wilaya yetu hii hii, wanaangalia simba. Nyinyi mawifi mlikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Nauli tulikuwa nayo, na siku tulikuwa nazo. Tulichokosa ni kuona kwamba kwao naye ni kwao, kama Muscat ilivyo kwa jamaa zetu.

Wifi hajatulaumu hata sasa, na hilo ndilo linalotuuma. Mama anaendelea na dawa, na Inshallah tutarudi baada ya Idi.

Mwenye wifi wa bara, muulize leo kwao ni wapi, na mama yake anaitwa nani. Kisha uliza nauli. Mwenyezi Mungu atujaalie kuunga udugu kabla ya kuitwa msibani. Amin.