Na Bibi Hadi Makaburi ya Wapolandi

Katika ukoo wetu hakuna aliyesafiri kwa ajili ya sala kumshinda Bibi. Alizaliwa Kibosho, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1893, akaolewa na kuhamia Arusha, na tangu hapo hajatulia. Septemba 1990 alikwenda Moshi kumwona Papa Yohane Paulo wa Pili. Namugongo kule Uganda amekwenda na kinamama wenzake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, basi zima likisali rozari tangu Namanga. Roma amefika, Bethlehemu amefika. Sasa amevuka miaka tisini, magoti yamechoka, na hija aliyobaki nayo ni fupi: kilomita kama 13 mashariki mwa mji, hadi Tengeru, kila Novemba, kuwaombea Wapolandi.

Safari hii zamu ya kumsindikiza ilikuwa yangu. Ilikuwa tarehe 2, Siku ya Marehemu Wote. Tulitoka misa ya alfajiri kanisa kuu la Mtakatifu Theresia, Bibi akiwa na kitenge chake cha WAWATA na kikapu chenye mishumaa, kiberiti na chupa ya maji ya baraka. Nilikuwa nimeshaongea na mwenye teksi. Bibi alikataa. Daladala zipo, akasema, na ndani ya daladala kuna watu wa kuwasalimu. Konda alimwondoa kijana mmoja kiti cha mbele, shikamoo zikafuatana hadi kule nyuma, tukaondoka.

Sanawari, Philips, Kwa Mrefu. Kushoto kwetu Mlima Meru ulikuwa umejificha, wingu la vuli limeufunika hadi karibu na migomba, mita zake 4,566 hazionekani hata moja. Tulipishana na magari ya watalii yakitoka uwanja wa ndege wa KIA, yakikimbilia mjini. Kila nikipita barabara ile huwa nawaza jambo hilohilo: wageni wanatoka mbali kuja kuona wanyama wetu, na sisi wenyewe tunapita Tengeru kununua ndizi na parachichi bila kujua nani amelala nyuma ya soko.

Waliolala pale walitolewa kwao kwa nguvu. Kuanzia Februari 1940, askari wa Stalin waliwakusanya watu wa mashariki ya Polandi, familia kwa familia, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi za sulubu. Njaa na baridi viliua wengi. Ujerumani ilipoivamia Urusi Juni 1941, Stalin alijikuta anawahitaji maadui wa Hitler, akawafungulia. Wanaume wakajiunga na jeshi la Jenerali Władysław Anders, ambalo baadaye lilipigana Monte Cassino kule Italia. Wanawake, wazee na watoto walivuka Bahari ya Kaspi mwaka 1942 hadi Irani, wengine wakapitia Karachi, kisha meli zikawaleta pwani ya Afrika Mashariki. Zaidi ya 18,000 walipokewa Afrika. Walipelekwa Masindi na Koja kule Uganda, Kondoa, Ifunda na Kidugala kwetu, na kwingineko. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa hii ya Tengeru, yenye watu wapatao 5,000.

Fikiria mama wa watoto wanne, mumewe yuko vitani au amekwisha kufa, amezika mtoto njiani, anateremshwa kwenye lori chini ya mlima ambao jina lake hajawahi kulisikia. Anapewa kibanda cha mviringo cha udongo, kilichoezekwa kwa nyasi. Kina mama hawa walipanda maua mlangoni. Walifungua shule, wakawa na hospitali, wakalima, wakafuma, na kanisa likasimama mapema. Picha ya Bikira Maria wa Częstochowa, ambaye kwao ni malkia wa nchi, ilikuwa nao kambini. Kule Uganda, kanisa walilolijenga Nyabyeya, karibu na Masindi, linasaliwa mpaka leo.

Tulishuka Tengeru, nikachukua bajaji, kwa maana miguu ya Bibi isingefika. Makaburi yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo, si mbali na Ziwa Duluti. Getini tulieleza shida yetu, tukaruhusiwa. Yamezungushiwa ukuta, na yako karibu 150, ya saruji, yamepangwa kwa mistari. Mengi yana msalaba wa Kikatoliki. Machache yana msalaba wa Kiorthodoksi, na lipo lenye nyota ya Daudi, maana vita havikuchagua dini.

Bibi hasomi Kipolandi, lakini miaka anaisoma. Alisimama kwenye kaburi moja, akalowesha ncha ya kitenge kwa maji ya baraka, akafuta vumbi kwenye maandishi hadi tarakimu zikatoka vizuri. Kisha akatoa mshumaa. Upepo ulikuwa unatoka mlimani, kiberiti kikazimika mara mbili. Akaniambia, "Mjukuu wangu, simama upande huu," akanitumia mimi kama ukuta. Mshumaa ukashika. Tukaanza rozari, matendo ya uchungu.

Nilimuuliza kwa nini hawa, wakati tuna makaburi yetu Kibosho yanayotungoja. Alijibu bila kusimamisha vidole kwenye tasbihi: "Kibosho mpo ninyi. Hawa hawana mjukuu wa kuwafagilia." Baadaye, tukiwa tumekaa ukutani, aliongeza kwamba yeye amesafiri kwa pasipoti, tiketi na kundi la kinamama wa kuimba nao, na wale walisafiri wakiwa wameelekezewa bunduki mgongoni, na bado walifika wakiwa na sala midomoni. Kwa Bibi, hao ndio mahujaji.

Mimi naona na jambo jingine, ambalo historia ya Meru hainiruhusu kulinyamazia. Serikali ya Kiingereza iliyowapa Wapolandi hifadhi Tengeru ndiyo iliyowafukuza Wameru Ngarenanyuki Novemba 1951, watu wapatao 3,000, nyumba zao zikachomwa ili mashamba wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuwatetea. Mlima mmoja ulishuhudia mama akipewa kibanda na mama mwingine akichomewa nyumba, ndani ya miaka kumi. Kuwakumbuka wa kwanza hakutuondolei deni la kuwakumbuka wa pili.

Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, Wapolandi wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Mkutano wa Yalta ulikuwa umeiachia Urusi ile mikoa waliyotoka. Mwaka 1949 padre Mfransisko, Łucjan Królikowski, aliondoka na watoto yatima wapatao 150 wa Tengeru, akawafikisha Kanada. Wengine walikwenda Uingereza na Australia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ikafungwa. Wachache walibaki hapahapa. Wa mwisho wao alifariki mwaka 2015.

Kanisa linatuhimiza kuzuru makaburi na kuwaombea marehemu kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba. Wewe unayeishi Arusha, Usa River au Moshi, chagua siku moja kati ya hizo. Shuka Tengeru, ulizia chuo cha mifugo, omba ruhusa getini. Beba mshumaa na kiberiti cha akiba, na kama kwenu yupo bibi anayeweza kutembea, mchukue, atajua la kufanya mkifika.